SOMO LA REDIO: TREKTA LILILOKUWA KIFARU

Wekeni kalamu chini kwanza, msikilize. Baadaye mtaandika.

Je, umewahi kuona trekta bovu limelala chini ya mbuyu, kuku wametaga ndani yake? Wengi wetu husema, "Hicho ni chuma chakavu, kiuzwe kwa kilo." Lakini wako watu wanaotafuta mashine za namna hiyo na kuzitengeneza mpaka ziungurume tena. Leo tutaeleza kwa nini wanafanya hivyo, na jambo hilo linatuhusu nini sisi wa Dodoma.

Tuanze mbali kidogo. Katika nchi ya Kanada, wakati wa baridi, huanguka theluji. Theluji ni maji yaliyoganda, meupe na laini kama unga, nayo hujaa barabarani hata gari likashindwa kupita. Mwaka 1934 fundi mmoja wa huko, Joseph-Armand Bombardier, alifiwa na mtoto wake mdogo, kwa kuwa theluji ilifunga njia ya kwenda hospitali. Fundi huyo hakukata tamaa. Aliunda gari linalopita juu ya theluji kwa mkanda unaozunguka, mfano wa katapila. Mwaka 1959 kampuni yake ikatoa mashine ndogo iitwayo Ski-Doo. Mpaka leo wako watu wanaokusanya mashine za theluji za zamani na kuzikarabati. Mashine ikiwaka, na habari ya yule baba husimuliwa tena.

Sasa turudi nyumbani, twende Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Sisi hatuna theluji, lakini mashine za minyororo tulikuwa nazo nyingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Basi mwaka 1947 serikali yake ilianza mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, na kazi ikaanzia Kongwa. Ilitaka kulima ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta mapya hayakutosha, kwa hiyo yakanunuliwa yaliyokwisha kutumika vitani. Kiwanda cha Vickers cha Uingereza hata kilichukua vifaru vya vita, aina ya Sherman, kikaviondoa mizinga na kuvigeuza matrekta. Matrekta hayo yaliitwa Shervick.

Je, kifaru kiliweza kulima? Mashine nyingi za mpango ule ziliharibika upesi. Nyingine zilikuwa zimechoka kabla ya kufika. Spea zilikuwa haba, na madereva wengi walikuwa ndio kwanza wanafundishwa. Tena udongo wa Kongwa, ninyi mnaujua. Wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama saruji, na mchanga wake hula chuma. Mvua nayo haikutosha. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na hasara ikawa pauni milioni 36 hivi.

Basi, mtu anayekarabati mashine ya zamani hufanya nini? Kwanza huandika namba na maneno yaliyopigwa katika kibati cha mashine, maana bila hayo hatapata spea ya kufaa. Pili, hulainisha injini iliyokwama kwa kutia mafuta katika silinda na kungoja, hata siku nyingi, bila kutumia nguvu. Tatu, hufungua kila kitu, husafisha kutu na kuchora picha ya kila kipande kilipotoka. Nne, kipande kisichopatikana hukichonga upya. Hapa Dodoma tuna bahati moja: hewa yetu ni kavu, chuma hakiliwi na kutu upesi kama kule pwani.

Fundi anapofungua mashine, huona yaliyoipata. Jino la gia lililolika humwambia kwamba grisi haikutiwa. Chujio lililojaa vumbi humwambia kwamba halikusafishwa. Hivyo mashine ya kale ni kama kitabu, na Kongwa ni kitabu chetu. Kinatufundisha kwamba wingi wa mashine si kitu, ikiwa hakuna wa kuzitunza na kama udongo haukupimwa kwanza. Chama cha ushirika kinachonunua trekta leo chapaswa kukisoma.

Lakini kitabu hicho chaweza kupotea. Chuma kikienda kuyeyushwa hakirudi. Wazee waliofanya kazi pale Kongwa nao wamebaki wachache mno. Kwa hiyo, kabla ya kuuza chuma cha kale, nakili maneno ya kibati chake, na umwulize mzee kilifanya kazi gani. Ninyi sasa mnajua kuandika. Kazi hiyo ni yenu.

Haya, shikeni kalamu. Jibuni maswali haya:

1. Kwa nini mashine za Kongwa ziliharibika upesi? Taja sababu tatu.
2. Kwa nini fundi huandika namba za mashine kabla ya kuifungua?
3. Je, kijijini kwenu kuna mashine ya zamani? Andika sentensi tano juu ya habari zake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.