Bagamoyo katika filamu na riwaya: Mandhari tu au maisha ya watu?

MJI wa Bagamoyo, ulio umbali wa kilometa zipatazo 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, si mgeni machoni pa wapenzi wa filamu za Kitanzania. Magofu ya Kaole, milango ya nakshi ya Mji Mkongwe na mashua za ufukweni ni picha zinazowavutia waongozaji wengi.

Hata hivyo, kabla ya kutumia fedha na muda wake, mtazamaji anapaswa kujiuliza swali moja: je, kazi husika inawahusu watu wa pwani, au imeazima pwani ili ipendeze tu? Kwa kipimo hicho, kazi tatu zinazofahamika zinatoa majibu tofauti.

Ya kwanza ni tamthilia ya televisheni ya Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka 2012. Simulizi yake imewekwa Bagamoyo, ambako Cheche, kijana mpiga picha, anayumba baina ya ndoa yake na tamaa zake. Karibu naye yupo Masharubu, tajiri mwenye wake kadhaa.

Sifa kubwa ya tamthilia hiyo ni kwamba watu wake wana kazi, madeni na majirani wenye masikio. Ujumbe kuhusu Ukimwi na uzazi wa mpango unatokana na makosa ya wahusika wenyewe, si hotuba ya daktari. Kasoro yake ni wingi wa visa; anayekosa sehemu moja hupotea njia. Pamoja na hayo, bado inastahili kutafutwa.

Ya pili ni filamu ya Chumo ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Jordan Riber. Jokate Mwegelo anaigiza kama Amina, binti wa kijiji cha wavuvi anayempenda kijana maskini, huku malaria ikitishia maisha yake akiwa mjamzito. Bahari na uvuvi vimo ndani ya kisa, havikuwekwa kama pambo. Lakini kwa kuwa hadithi imejengwa ili ifike kwenye somo la malaria, mtazamaji makini ataubashiri mwelekeo wake mapema. Ni filamu ya kutazamwa mara moja pamoja na familia.

Ya tatu ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021. Paradise, iliyochapishwa mwaka 1994, ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi. Inamhusu Yusuf, mtoto anayetolewa kwa mfanyabiashara Aziz kufidia deni la baba yake, kisha kufuatana na msafara kwenda bara.

Kitabu hicho hakiihusu Bagamoyo moja kwa moja. Hata hivyo, kwa wakazi wa mji uliokuwa kituo kikuu cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa, kinaonyesha safari hizo kupitia macho ya asiye na hiari. Mwendo wake ni wa taratibu na hakina shujaa wa kushangilia, lakini kati ya kazi hizi tatu ndicho kinachobaki akilini kwa muda mrefu.

Jambo lenye uzito ni nani atakayegharimia kazi zijazo. Siri ya Mtungi na Chumo zilitengenezwa na MFDI Tanzania kwa fedha za ufadhili wa Marekani, na shirika la USAID lilifungwa mwaka 2025. Bagamoyo nayo imekuwa ikiwaandaa wasanii tangu mwaka 1981, kilipoanzishwa Chuo cha Sanaa ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa.

Wafadhili wanapopungua, kauli ya mtazamaji anayelipa huwa na nguvu zaidi. Kusema filamu ni "kali" au "mbovu" hakumsaidii mnunuzi wala mwongozaji. Maoni mafupi yenye manufaa hueleza kisa kinamhusu nani, kipi kimefanikiwa na kipi kimeshindikana. Wasanii wa Bagamoyo wakiyapata maoni ya namna hiyo, watajua ni pwani ipi watazamaji wako tayari kuilipia.