Karatasi Inapokatika Mtamboni: Tuelewe Mkazo wa Roli Kabla ya Kuomba Mtambo Mpya



Miaka kadhaa iliyopita, kiwanda kidogo cha uchapaji kilichokuwa chini ya mradi niliousimamia kilileta ombi la fedha za kununua mtambo mpya. Sababu iliyoandikwa ilikuwa moja: karatasi ilikuwa ikikatika mara kwa mara. Kila inapokatika, mtambo husimama, karatasi hupitishwa upya kwa mikono kati ya rola, na mita nyingi za mwanzo huchapwa vibaya na kutupwa. Kazi ya vitabu vya shule ilikuwa imechelewa, vibarua walikuwa hawajalipwa, na kijana mmoja alikuwa ameumia mkono baada ya shati lake kunaswa wakati akikaza breki huku mtambo ukizunguka.

Kamati ilikuwa tayari kusaini. Ndipo mzee mmoja, mpiga chapa mstaafu aliyealikwa kutushauri, akamwuliza fundi mkuu: "Fundi, karatasi hukatika roli likiwa kubwa, au likishakuwa dogo?"

Hakuna aliyejua. Mzee akasema, "Basi ombi hili lisubiri wiki mbili. Nendeni mkaandike."

Jibu lililopatikana baada ya wiki hizo mbili nitalieleza mbele. Kwanza tuone jinsi roli la karatasi linavyofanya kazi, maana miradi yetu mingi ina mashine, na si viongozi wote wanaoidhinisha fedha za mashine wanaojua kinachotendeka ndani yake.

KWA NINI ROLI?

Mitambo midogo ya kuchapa hula karatasi moja moja. Inafaa kwa kadi, risiti na vitabu vichache. Kwa magazeti, vitabu vingi na madaftari, karatasi hutoka kwenye roli moja kwa moja, huchapwa bila kusimama, kisha hukatwa na kukunjwa mwishoni. Mmarekani William Bullock alipata hataza ya mtambo wa namna hiyo mwaka 1863, na tangu hapo uchapaji wa magazeti ulibadilika kabisa.

Tuchukue mfano. Roli la karatasi ya gazeti lenye upana wa sentimita 84 na kipenyo cha mita 1 huwa na uzito wa kilo 400 hivi. Likiwa la karatasi ya gramu 45 kwa mita ya mraba, ndani yake kuna zaidi ya kilomita 10 za karatasi. Mtambo ukienda mita 3 kwa sekunde, roli hilo hudumu karibu saa 1. Katika saa hiyo yote, karatasi nyembamba kama hiyo inatakiwa kuvutwa bila kukatika wala kulegea. Hapo ndipo penye kazi.

MKAZO NI NINI?

Mtambo huivuta karatasi mbele. Breki iliyofungwa kwenye shafti ya roli huizuia nyuma. Kati ya nguvu hizo mbili karatasi hukazika, na huo ndio tunaouita mkazo. Ni kama kumswaga ng'ombe huku umeshika kamba. Kamba ikilegea, humwingia miguuni. Ikikazwa mno, hukatika au ng'ombe hugoma.

Mkazo ukiwa mdogo, karatasi huyumba, hupata makunyanzi, na rangi hazikai mahali pake. Herufi huonekana mbili mbili, mkunjo wa gazeti huenda upande, na wakati mwingine karatasi hujizungushia kwenye silinda. Mkazo ukiwa mkubwa, karatasi hunyooka kupita kiasi, hupungua upana, na penye kovu dogo pembeni huchanika. Shida kubwa zaidi ni mkazo unaobadilika, kwa sababu fundi hawezi kurekebisha rangi zikatulia wakati karatasi yenyewe haijatulia.

ROLI LINAVYOPUNGUA

Hili ndilo jambo ambalo wengi hatulijui. Fundi wa magari akishindwa kufungua nati ya gurudumu, huchomeka bomba refu kwenye spana. Nati ni ile ile, lakini akishika mbali nayo nguvu kidogo inatosha. Akishika karibu, hata akijikaza itamshinda.

Karatasi nayo huvuta roli kwa namna hiyo. Roli likiwa jipya, karatasi hutokea sentimita 50 kutoka katikati ya shafti, hivyo huizungusha kwa urahisi hata kama breki imeshika. Roli likibaki na sentimita 10 tu kutoka katikati, karatasi inavutia karibu na shafti. Kama breki haijalegezwa, inahitajika nguvu mara 5. Iwapo ulianza na mkazo wa kilo 20 kwa upana wote wa karatasi, sasa umefika kilo 100. Likibaki na sentimita 5, umefika kilo 200, na hakuna mtu aliyegusa breki.

Wakati huo huo roli dogo huzunguka kwa kasi zaidi. Kwa mwendo ule wa mita 3 kwa sekunde, roli kubwa huzunguka kama mara 57 kwa dakika, na lile la sentimita 10 huzunguka zaidi ya mara 280. Breki hupata joto, na kasoro yoyote ya shafti au beringi huanza kuonekana.

Kwa hiyo breki lazima ilegezwe kadiri roli linavyopungua. Swali ni nani anayeilegeza, na kwa kipimo gani.

NAMNA ZA KUDHIBITI MKAZO

Kwanza ni mkono wa fundi. Breki ina skrubu, na fundi huilegeza kidogo kidogo akitazama na kusikiliza. Fundi mzoefu anaweza. Tatizo ni kwamba ujuzi huo uko mkononi mwake, na akienda likizo unaondoka naye.

Pili ni mkanda unaolazwa juu ya roli lenyewe na kuvutwa kwa uzito au springi. Kwa kuwa mkanda hushika kwenye uso wa karatasi na si kwenye shafti, kupungua kwa roli hakubadilishi mkazo sana. Hata hivyo mkanda husugua karatasi na kutoa vumbi, na ukichakaa hushika upande mmoja zaidi ya mwingine.

Tatu ni rola inayocheza. Hii imefungwa kwenye mikono miwili inayoweza kupanda na kushuka, nayo husukumwa chini kwa uzito, springi au hewa ya kompresa. Karatasi hupita chini yake na kurudi juu. Mkazo ukizidi, karatasi huinua rola, na mikono yake huvuta kiungo kinacholegeza breki. Mkazo ukipungua, rola hushuka na breki hukaza. Hivyo karatasi yenyewe ndiyo inayoiongoza breki. Kwa kuwa karatasi huishika rola hiyo kwa pande mbili, ukitaka mkazo wa kilo 20 inabidi rola isukumwe kwa nguvu ya kilo 40. Aidha, rola hii huweka akiba ndogo ya karatasi, kwa hiyo roli likiruka kidogo rola hucheza na mtambo hauhisi.

Nne ni vipimo vya umeme. Rola moja huwekwa juu ya vipimo vinavyohisi karatasi inavyoikandamiza, na kompyuta huiamuru breki ikaze au ilegee. Ni njia nzuri, lakini inahitaji umeme usioyumba na fundi wa elektroniki aliye karibu.

Mitambo mingi ina pia rola mbili za kuingizia karatasi kabla ya sehemu ya kuchapia. Hizi hubana karatasi na kuipeleka kwa kasi iliyo chini kidogo ya ile ya mtambo. Tofauti hiyo ni ndogo sana, chini ya asilimia 1, lakini inatosha kuifanya karatasi ifike penye wino ikiwa imenyooka.

KARATASI NAYO INA MAKOSA YAKE

Si kila mkatiko ni kosa la breki. Roli la kilo 400 likidondoshwa kutoka kwenye lori hupata ubapa. Likifungwa mtamboni, kila mzunguko huivuta karatasi kwa kishindo na kuilegeza. Roli likilazwa muda mrefu juu ya sakafu isiyo sawa hupata shida hiyo hiyo. Ndiyo maana ni vizuri kusimamisha maroli ya gazeti kwa upande wake wa bapa, juu ya mbao safi na kavu, yakiwa bado kwenye kifungashio chake.

Unyevu nao ni adui. Karatasi huvuta unyevu kutoka hewani na kurefuka. Hewa ikikauka, nayo husinyaa. Pwani kama Tanga na Dar es Salaam, roli lililovuliwa kifungashio mapema hulegea kingo, na sehemu ya katikati hubeba mkazo wote. Kwenye ukame kama wa Dodoma wakati wa kiangazi, kingo husinyaa na kubeba mkazo zenyewe, na hapo mchaniko huanzia pembeni. Hivyo roli liache kwenye kifungashio mpaka karibu na saa ya kulitumia, tena liwe ndani ya chumba cha mtambo tangu siku iliyotangulia.

USALAMA

Kati ya rola mbili zinazozunguka kuelekeana hakuna nafasi ya kujaribu. Bullock mwenyewe ni ushahidi. Mwaka 1867, akiwa Philadelphia akifunga mtambo wake mmoja, alijaribu kurudisha mkanda kwenye puli kwa kuupiga teke. Mguu ulinaswa na kusagwa, ukaoza, naye akafariki wakati wa kukatwa mguu huo.

Kumbuka pia kwamba mtambo ukisimama, roli kubwa hutaka kuendelea kuzunguka kwa uzito wake. Breki isiposhika, karatasi humwagika, na mfanyakazi hushawishika kulizuia roli kwa mikono. Asifanye hivyo kamwe.

TULICHOKIKUTA

Sasa turudi kwenye kiwanda chetu. Kwa wiki mbili waliandika kila mkatiko: tarehe, saa, aliyekuwa zamu, na kipenyo cha roli kilichobaki. Mikatiko mingi ilitokea roli likiwa dogo, na mingi ilikuwa ya zamu ya asubuhi.

Tulipochunguza, tulikuta mtambo ulikuwa na rola inayocheza, lakini kiungo chake cha breki kilivunjika zamani, na mikono ya rola ilifungwa kwa waya ili isipige kelele. Fundi wa zamu ya mchana alijua, naye alikuwa akilegeza breki mwenyewe. Zamu ya asubuhi ilikuwa ya yule kijana aliyeumia. Hakuna aliyemwambia. Aliona karatasi ikiyumba roli likiwa kubwa, akakaza. Roli likipungua, karatasi ikakatika. Sisi tulikuwa tumeandika kwenye taarifa kwamba ameumia kwa uzembe. Taarifa hiyo ilibidi ifutwe, na aliombwa radhi mbele ya wenzake.

Kiungo kilichongwa upya na fundi wa mjini, springi ikabadilishwa, waya ukatolewa. Mikatiko haikwisha yote. Iliyobaki ilitokea roli likiwa kubwa, nayo ilitupeleka ghalani, ambako maroli yalikuwa yamelazwa kwenye saruji yenye unyevu. Ombi la mtambo mpya liliondolewa kwenye ajenda.

MAMBO YA KUFUATA

Kwa viongozi na mafundi wa miradi yenye mitambo ya roli, tunashauri yafuatayo:

1. Wekeni daftari la mikatiko kando ya mtambo. Andikeni tarehe, saa, zamu, kipenyo cha roli, na mahali karatasi ilipokatikia.

2. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha umeme, inueni rola inayocheza kwa mkono. Ipande na kushuka bila kukwama, na breki iitikie.

3. Kagueni kingo za roli kabla ya kulifunga. Penye kovu, ondoeni matabaka mpaka liishe.

4. Hakikisheni shafti imekaa sawa na bomba la katikati ya roli halijapondeka.

5. Rola zote zisafishwe wino na vumbi, nazo zizunguke kwa wepesi.

6. Mtambo usimamishwe kabisa kabla ya mtu yeyote kupitisha karatasi au kurekebisha breki kwa mkono ulio karibu na rola. Mikono ya shati ifungwe.

7. Anayepokea zamu aelezwe na anayeondoka kila kitu kilichofungwa kwa waya, kamba au gundi.

Na kwenu wajumbe wa kamati: ombi la mashine mpya likifika mezani, ombeni kwanza kuona daftari hilo. Kama halipo, ombi na lisubiri wiki mbili.