Sumaku Isiyotoshwa na Umeme wa Pemba

Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, urefu wa kilomita zipatazo 78. Uliwekwa kwa msaada wa Norway, wenye uwezo wa megawati 20 hivi, na kwa watu waliotegemea jenereta za dizeli za Wesha ulikuwa neema kubwa. Umeme wote huo, hata kisiwa kizima kikizimwa, usingeendesha sumaku moja ya maabara ya Tallahassee, Marekani.

Sumaku hiyo hufikia tesla 45, mara 30 ya mashine ya MRI ya tesla 1.5. Wanafizikia huitumia kuchunguza mwenendo wa elektroni ndani ya vitu. Shaba peke yake inaweza kutoa uga mkubwa wa sumaku: katika miaka ya 1930 Francis Bitter wa MIT alipanga sahani za shaba zenye matundu, maji yakapita humo kuondoa joto. Lakini shaba ina ukinzani. Ukitaka uga wa sumaku maradufu, umeme unaoliwa huwa mara nne.

Supakondakta, zikipozwa kwa heli ya kimiminika, hazina ukinzani hata kidogo. Lakini uga ukizidi kiasi, sifa hiyo hutoweka.

Basi wahandisi wa Tallahassee waliunganisha shaba na supakondakta. Supakondakta hukaa nje, ambako uga ni hafifu na koili ni pana, mahali ambapo shaba ingekula umeme mwingi mno. Hutoa tesla 11.5. Shaba hukaa katikati na kuongeza 33.5, ikila megawati zipatazo 30.

Ugumu wenyewe uko kwenye mihimili inayoishikilia koili ya nje. Koili ya ndani ikiharibika ghafla, mvutano kati yake na ya nje hupoteza ulinganifu, na mihimili lazima ihimili kishindo hicho. Wakati huohuo haiwezi kuwa minene, kwa sababu kila chuma kinachotoka nje hupeleka joto kwenye koili iliyopozwa hadi karibu nyuzi 271 chini ya sifuri. Umahiri wa mbunifu mimi huupima hapo, kuliko kwenye idadi ya tesla.

Mwaka 2022 maabara ya Hefei, China, ilifika tesla 45.22 kwa sumaku ya aina hiyohiyo, ikila megawati 26.9. Tallahassee nao walishafikisha tesla 32 mwaka 2017 kwa supakondakta tupu, bila koili ya shaba. Ili kufika 45, shaba na maji bado vinahitajika.