Bakuli la wali lishibishalo wanafunzi wa Tokyo

MGENI aingiapo Tokyo kwa mara ya kwanza huogopa jambo moja: bei ya chakula. Hofu hiyo ilinizungusha na njaa hadi saa mbili usiku, nikichungulia mikahawa na kupita.

Hatimaye niliwafuata vijana wa chuo waliokuwa wakiingia mkahawa mmoja mdogo. Mlangoni palikuwa na mashine. Unatia pesa, unabonyeza picha ya chakula, nayo inakutolea tikiti. Kutojua Kijapani si hoja!

Nilibonyeza gyudon: vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe vilivyopikwa kwa vitunguu na sosi ya soya, vikamwagwa juu ya wali wa moto. Bakuli la kawaida huuzwa karibu yen 450 hadi 500, yaani takriban shilingi 400. Maji ni bure, na bakshishi haitolewi.

Wali wenyewe si kama pishori yetu ya Mwea. Punje zake ni fupi na hushikana, ndiyo sababu vijiti huweza kuuinua. Mimi vilinishinda, nikavisimika katikati ya wali. Mzee aliyeketi kando yangu alivitoa polepole, akavilaza kando. Baadaye nilielezwa kwamba vijiti husimikwa hivyo kwenye wali wa marehemu. Naam, mgeni ni kipofu ingawa ana macho.

Bakuli hili Wajapani hulienzi. Kampuni ya Yoshinoya ilianza kuliuza mwaka wa 1899 katika soko la samaki la Nihonbashi, kwa wachuuzi wenye haraka. Mwaka wa 2004, baada ya Japani kupiga marufuku nyama ya Marekani kwa ajili ya kichaa cha ng'ombe, watu walipanga foleni kula bakuli la mwisho kabla halijasitishwa.

Yapo mengine. Katsudon ni nyama ya nguruwe. Wanafunzi huila kabla ya mtihani kwa kuwa "katsu" husikika kama "kushinda". Waislamu waulize kwanza, kwani hata sosi ya gyudon aghalabu hutiwa mvinyo wa mchele.

Oyakodon, maana yake "mzazi na mtoto", ni kuku na yai. Hiyo waweza kuijaribu nyumbani leo: chemsha vipande vya kuku kwa kitunguu, sosi ya soya na sukari kidogo, mwagia mayai yaliyopigwa, kisha pakua juu ya wali.

Ila vijiti, tafadhali, vilaze!