Ua hili halikamuliki, msidanganywe!

Kuna siku nilijiona mjanja wa mjini, kumbe nimeliwa mchana kweupe.

Ilikuwa Jumamosi ya kicheni pati ya binamu yangu. Nikapita Kariakoo kusaka marashi. Muuzaji mmoja akanitolea kichupa chenye picha ya vijiua vyeupe vilivyoinama kama kengele. "Dada'angu, hii siyo kemikali. Ni ua tupu, limekamuliwa Ulaya!" Nikanusa. Jamani! Harufu safi kama shuka iliyoanuliwa sasa hivi, na ubichi wa majani yenye umande. Sikubishana bei. Nikajimwagia shingoni na nyuma ya masikio, huyo nikaenda zangu.

Hata zawadi hazijaanza kutolewa, shingo ikaanza kuwasha. Wenzangu wanacheza, mimi najikuna! Mama mdogo akanivuta pembeni: "Mwanangu, umepaka nini?" Vipele vilikuwa vimetanda mpaka kidevuni. Nikamalizia shughuli nimejifunika khanga.

Kesho yake rafiki yangu anayesoma kemia alitazama picha kwenye kichupa, akacheka mpaka machozi. "Shoga, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ua hilo halikamuliki!"

Nikaanza kufuatilia. Kumbe lina mambo!

Waingereza huliita yungiyungi la bondeni, Wafaransa muguet. Ni mmea mfupi wa kivulini, wenye majani mapana na kishada cha vikengele vyeupe. Ulaya huchanua baridi ikiisha, Aprili na Mei. Ukishaupanda bustanini, mizizi yake hutambaa chini kwa chini na kuteka eneo lote. Ufaransa, Mei Mosi siyo ya wafanyakazi tu. Ni siku ya kupeana vishada vya ua hili kwa kutakiana heri, na mitaani kila kona yanauzwa.

Sasa sikia kituko. Waridi na asumini hutoa mafuta yao. Langilangi za jirani zetu Wakomoro hutiwa mvuke, mafuta yake yakaingia mpaka kwenye Chanel No 5 iliyotoka mwaka 1921. Lakini muguet? Lichemshe, lisokote, liloweke, wapi! Unachopata ni kidogo na hakinukii kama ua lenyewe. Wataalamu huliita ua bubu.

Mtu akishindwa kuiba, huiga. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakemia walitengeneza hidroksisitronelali, yenye harufu inayokaribia ua hilo. Malighafi yake inaweza kupatikana kwenye mafuta ya jani ambalo ni ndugu wa mchaichai wetu!

Bingwa wa kuiga alikuwa Mfaransa Edmond Roudnitska. Alipanda muguet kwenye bustani yake kule Cabris, karibu na mji wa Grasse, akawa analinusa likiwa hai, kisha anarudi maabara kulitafuta kwenye vichupa. Mwaka 1956 ikatoka Diorissimo ya kampuni ya Christian Dior. Dior mwenyewe alilihusudu ua hilo na kuamini linaleta bahati. Marashi hayo bado yanatajwa kuwa ndiyo yaliyolikaribia ua kuliko yote.

Kwa hiyo kuigiza siyo kosa, ni ufundi. Kosa ni kuniambia "ua tupu".

Na kuigiza kuna gharama zake. Liralo, iliyotumika miaka mingi kuleta harufu hiyo, ilipigwa marufuku katika vipodozi Umoja wa Ulaya, na kufikia Agosti 2021 ikawa haitakiwi dukani, kwa sababu ya mzio wa ngozi. Lilialo ikafuata Machi 2022, baada ya kuonekana inaweza kudhuru uwezo wa kuzaa. Hata hiyo hidroksisitronelali huwasha baadhi ya watu, ndiyo maana kule lazima itajwe kwenye lebo ikizidi kiwango fulani. Kichupa changu hakikuwa na lebo ya vilivyomo. Mpaka leo sijui kilichoniunguza shingo ni nini.

Usije ukadhani basi ua lenyewe ndiyo salama. Mmea wote ni sumu ya moyo, kuanzia majani mpaka vitunda vyake vyekundu, na hata maji ya chombo lilimowekwa!

Basi wapenzi, akikuambia "muguet halisi, ua tupu", mcheke kidogo kisha uliza lebo. Marashi mapya yajaribu kwanza kidogo kwenye mkono, sehemu ya ndani, usubiri siku moja mbili. Usifanye kama mimi, kujaribia shingoni siku ya shughuli.

Na mimi? Sherehe ijayo naenda na kikuba changu cha asumini. Hicho nakijua mpaka mti wake.