Sura Moja kwa Wanawake Wote

Chukua ukurasa wowote wenye watu wengi katika katuni za mashujaa wa Marekani, kisha ufute nywele na nguo. Wanaume wengi bado utawatambua: huyu ana taya pana, yule ana kitambi, mwingine kipara na pua iliyopinda. Wanawake watakuwa wamegeuka mtu mmoja, mwenye kidevu chembamba, pua ndogo, midomo iliyojaa na kiuno cha nyigu. Wanaolalamikia michoro hii kwa kawaida husema kwamba haina heshima. Huenda ni kweli, lakini kasoro ninayoizungumzia hapa ni ya ufundi. Mchoraji akimchora mwanamume hujiuliza huyu ni nani. Akimchora mwanamke hujiuliza kama anapendeza. Swali la kwanza lina majibu mengi kama watu walivyo. La pili, kwa mchoraji aliyezoea kipimo kimoja cha urembo, lina jibu moja tu.

Wachoraji hujitetea kwamba katuni ni sanaa ya mistari michache, na penye mistari michache sura hazina budi kufanana. Jibu liko karibu sana na msomaji wa hapa Plymouth, Minnesota, kwa kuwa mchoraji Charles Schulz alizaliwa jirani hapo Minneapolis mwaka 1922 na kukulia Saint Paul. Katika katuni yake ya Peanuts, iliyoanza mwaka 1950, kila kichwa ni duara, cha mvulana na cha msichana. Hata hivyo Lucy, aliyeingia mwaka 1952, hachanganywi na Peppermint Patty wa mwaka 1966, mwenye pua kubwa, madoadoa usoni na sandali, wala na Marcie wa mwaka 1971, ambaye macho yake yamefichwa na miwani. Schulz alibana matumizi ya mistari kwa wote sawasawa, na alichobakiza akakitumia kuonyesha tabia. Kama uchache wa mistari ndio ungekuwa chanzo, ungefuta tofauti za wanaume pia. Zinapofutika za wanawake peke yao, chanzo kitafutwe kwingine.

Utetezi wa pili una uzito zaidi: wanaume nao hupambwa, kwani ni nani mtaani mwenye kifua cha Superman? Ni kweli, ila kwa wanaume urembo ni chaguo moja kati ya mengi. Fantastic Four, kundi lililobuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1961, lina wanaume watatu: mmoja ana mvi kichwani, mwingine mwili wa mawe, wa tatu huwaka moto. Mwanamke pekee, Susan Storm, ni mrembo wa kawaida ambaye uwezo wake wa awali ulikuwa kutoonekana. Mfano wa wazi zaidi ni Amanda Waller wa kampuni ya DC. Tangu mwaka 1986 alichorwa mwanamke mweusi mnene, wa makamo, anayetisha kwa akili na mamlaka. DC ilipoanza upya majarida yake mwaka 2011, Waller akatokea mwembamba na kijana. Kazi yake haikudai mwili huo mpya. Mazoea ndiyo yaliyoudai.

Kukemea peke yake hakutoshi. Mwaka 1954, baada ya vikao vya Seneti kuhusu katuni na watoto, wachapishaji wa Marekani walijiwekea kanuni zilizotaka, pamoja na mengine, wanawake wachorwe kwa uhalisia bila kutiwa chumvi maumbile yao. Kanuni hizo zilidhibiti maumbile na mavazi. Hazikumlazimisha mchoraji kutazama nyuso za wanawake na kuona jinsi zinavyotofautiana, na katazo lolote haliwezi kufanya hivyo.

Kuna wanaosema soko ndilo linalotaka warembo. Lakini katuni ya Aya wa Yopougon, iliyoandikwa na Marguerite Abouet na kuchorwa na Clément Oubrerie, imejaa mabinti, mama na majirani wa Abidjan wenye maumbo na rika mbalimbali. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 2005, mwaka uliofuata kikashinda tuzo huko Angoulême, kisha kikatafsiriwa na hatimaye kufanywa filamu. Sisi wasomaji wa Kiswahili nasi tusijione tumesalimika: wahusika wa jarida la katuni la Sani wanaokumbukwa Tanzania, kina Lodilofa, Ndumilakuwili, Kipepe na Pimbi, wote ni wanaume.

Kwa hiyo mzazi wa Plymouth anayemwazimia mwanawe katuni maktaba asiishie kukagua nguo. Afunike nywele za wahusika wa kike kwa kidole, amwulize mtoto yupi ni yupi. Mtoto akishindwa, kosa si lake. Ni la mchoraji, na kitabu kingine kitafutwe.