Fahamu: Vesak ni sikukuu gani?

Vesak ni sikukuu kubwa ya Wabuddha. Huangukia mwezi mpevu, aghalabu wa Mei.

Huadhimisha nini?

Sri Lanka na Thailand, siku hiyo moja hubeba matukio matatu ya Siddhartha Gautama, yaani Buddha: kuzaliwa Lumbini, Nepal; kupata nuru chini ya mti huko Bodh Gaya, India; na kufariki Kushinagar. Japani huadhimisha kuzaliwa tu, Aprili 8.

Husherehekewaje?

Sri Lanka ndiko kunakofana: taa za karatasi hupamba mitaa, na vibanda hugawa chakula bure kwa kila apitaye, awe Mbuddha au la. Pombe haiuzwi.

Umoja wa Mataifa uliitambua Vesak mwaka 1999. Tanzania nayo ina hekalu la Kibuddha, Upanga, Dar es Salaam.